Tujuaje Kilichomo Ndani ya Kidonge?

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kitu kidogo sana machoni, nacho ni kidonge cha dawa.

Tuseme mtoto ameshikwa na homa usiku. Asubuhi mama yake ampeleka zahanati, damu yapimwa, vijidudu vya malaria vyaonekana, naye apewa pakiti ya dawa mseto. Ndani ya pakiti mna vidonge vya rangi ya manjano, vimepangwa safu kwa safu. Mama akikitazama kidonge kimoja, aona nini? Aona umanjano, aona uviringo, na pengine herufi mbili tatu zilizochapwa. Akikionja, atasikia uchungu. Lakini je, dawa imo? Na kama imo, imo kwa kadiri iliyoandikwa juu ya pakiti? Hayo hawezi kuyajua kwa jicho wala kwa ulimi. Wala muuguzi aliyempa hawezi, wala daktari, wala mwenye duka la dawa. Wote wanne wamesimama mbele ya kidonge kimoja, na kidonge kimenyamaza kimya.

Katika dawa hiyo ya mseto, kidonge kimoja hutakiwa kiwe na miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini. Miligramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara elfu. Artemeta kazi yake ni kuwaua vijidudu upesi. Lumefantrini hukaa damuni siku nyingi na kuwamaliza wale waliosalia. Sasa sikilizeni jambo la kustaajabisha. Umanjano wa kidonge watoka kwa lumefantrini, kwa kuwa ndivyo ilivyo kwa asili yake, unga wa manjano. Artemeta ni nyeupe. Basi kidonge kikikosa artemeta kabisa, kitakuwa cha manjano vile vile. Na mtu mwovu akichanganya wanga na rangi, kitakuwa cha manjano vile vile. Rangi haitoi ushahidi wowote.

Dawa mbaya ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni dawa ya bandia, iliyotengenezwa na mlaghai kwa kusudi la kudanganya. Namna ya pili ni dawa duni, iliyotengenezwa na kiwanda cha halali lakini kwa uzembe, au iliyokuwa nzuri ikaharibika njiani kwa jua na unyevu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba, katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, dawa 1 katika kila 10 hivi ni ya bandia au ni duni. Na dawa iliyopungua nguvu ina madhara mawili. Kwanza, mgonjwa hapati nafuu, na mtoto mdogo mwenye malaria kali hana siku nyingi za kungoja. Pili, vijidudu vilivyopigwa kidogo bila kufa huweza kuzaa wengine walioizoea dawa, hata dawa nzuri nayo ikapoteza nguvu yake kwa watu wote. Kwa hiyo jambo hili si la nyumba moja tu.

Basi swali letu ni hili: kidonge kikinyamaza, tutakifanyaje hata kiseme? Jibu ni kwamba iko njia, nayo yaitwa kromatografia. Jina ni refu, lakini shughuli yenyewe si ngumu kufahamika. Ilianza kwa majani ya mti na unga wa chaki.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini aliishi Mrusi mmoja, bingwa wa elimu ya mimea, jina lake Mikhail Tsvet. Alizaliwa mwaka 1872 katika mji wa Asti, Italia, mama yake akiwa Mwitalia na baba yake Mrusi. Alifanya kazi katika mji wa Warsaw, ambao siku zile ulikuwa chini ya utawala wa Urusi. Tsvet alitaka kujua rangi ya kijani ya majani ni kitu gani: je, ni kitu kimoja, au ni vitu vingi vilivyochanganyika? Jambo hili lilikuwa gumu, maana vitu hivyo vyafanana sana, na kwa dawa kali za kemia huharibika upesi.

Tsvet akafanya hivi. Alichukua bomba la kioo akalisimamisha wima, akalishindilia unga laini wa chaki. Kisha akaponda majani, akayatoa maji yake ya kijani kwa kimiminika chepesi kitokanacho na mafuta ya petroli, akayamimina juu ya chaki. Halafu akaendelea kumimina kimiminika kitupu polepole, tone kwa tone. Kile kijani kilipokuwa kikishuka katika chaki kiliachana, kikawa pete za rangi mbalimbali, moja juu ya nyingine: pete ya kijani chenye umanjano, pete ya kijani chenye ubuluu, na pete za manjano. Karotini, ambayo ni jamaa ya rangi ya karoti, ilitangulia mbele ya zote. Hivyo ikajulikana ya kwamba kijani cha jani si kimoja bali ni viwili, tena kina manjano kadha wa kadha yaliyojificha ndani yake.

Habari za kazi hii alizitoa mbele ya wataalamu wenzake katika mji ule wa Warsaw mwaka 1903, na mwaka 1906 akaipa jina la kromatografia, yaani kuandika kwa rangi. Nalo jina lake mwenyewe, Tsvet, kwa Kirusi maana yake ni rangi. Lakini wataalamu wengi wa siku zake hawakuijali kazi hiyo. Vita vya 1914 vikamtoa Warsaw, akahamahama, akafa mwaka 1919 katika mji wa Voronezh, umri wake miaka 47. Njia yake ililala mpaka mwaka 1931, ndipo wataalamu wa Heidelberg, Ujerumani, akina Richard Kuhn na Edgar Lederer, walipoiamsha tena.

Sasa yatupasa kuuliza: kwa nini rangi zile ziliachana, hali zote ziliingia pamoja na kushuka katika bomba moja? Fikirini njia ya kwenda guliuni. Watu wawili wameondoka pamoja alfajiri, mwendo wao mmoja, na njia yao moja. Kando ya njia mna nyumba nyingi, na kila nyumba ina baraza. Mmoja wa wasafiri hao ni mzee mwenye jamaa wengi: kila baraza aitwa, aketi, aulizwa hali ya nyumbani, kisha asimama na kuendelea. Mwenziwe ni mgeni asiyejulikana na mtu: apita moja kwa moja. Je, watafika pamoja? Hasha. Mgeni atafika mapema, na mzee atafika jua limekwisha panda. Wala mzee hakutembea polepole kuliko mgeni. Kilichomkawilisha ni mabaraza.

Ndivyo ilivyo katika bomba la Tsvet. Kimiminika kinachoshuka ndicho mwendo. Chembe za chaki ndizo mabaraza. Kitu kinachopenda chaki hushikwa kidogo kwa kila chembe, kikaachiwa, kikashikwa tena, mara maelfu. Kitu kisichoipenda hupita. Hata vitu viwili vinavyofanana kama mapacha, ikiwa mmoja apenda chaki zaidi kidogo tu, mwisho wa safari vitakuwa vimeachana, kwa sababu mabaraza ni mengi mno. Haba na haba hujaza kibaba, na kukawia kidogo kidogo katika mabaraza elfu huwa kukawia kwingi.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili wenyewe. Chukueni kipande kizima cha chaki nyeupe ya shule. Kwa kalamu ya wino mweusi unaoyeyuka kwa maji, kizungushieni mstari kama pete, sentimita 2 hivi juu ya ncha moja. Kisha kisimamisheni chaki katika kisahani chenye maji ya kina cha sentimita 1, pete ikiwa juu ya maji wala isiguswe nayo. Maji yatapanda ndani ya chaki, na yakifika kwenye wino yatauchukua. Ngojeni kidogo. Kama wino huo ulitengenezwa kwa rangi nyingi, mtaona weusi ukipasuka: pengine buluu itatangulia, na nyekundu au manjano itabaki nyuma. Jicho lilikuwa limeona kitu kimoja cheusi, kumbe ndani yake walikuwamo watatu. Mkibadili kalamu, mtaona mpangilio mwingine. Mkishafanya hivyo mmekwisha fanya kromatografia, tena kwa chaki, kama alivyofanya Tsvet.

Lakini dawa nyingi hazina rangi. Tena Tsvet aliona pete tu. Hakuweza kusema kwa hesabu kamili kila kitu kimo kwa kadiri gani. Ilibaki kazi kubwa mbele.

Hatua iliyofuata ilitoka mahali ambapo mtu asingetazamia, yaani katika sufu ya kondoo. Katika mji wa Leeds, Uingereza, palikuwa na maabara ya watengenezaji wa nguo za sufu. Huko Archer Martin na Richard Synge walitaka kutenganisha vitu vidogo ambavyo kwavyo sufu imejengwa. Mwaka 1941 walitangaza njia mpya. Walichukua chembe za silika, kitu ambacho ni ndugu wa mchanga, wakazilowesha maji, kisha wakapitisha juu yake kimiminika kingine kisichochanganyika na maji. Basi baraza halikuwa tena chembe kavu, bali maji yaliyoshikwa na chembe. Na kila kitu kilichagua kukaa zaidi katika maji au kwenda zaidi na kile kimiminika. Kwa kazi hiyo walipewa Nishani ya Nobel ya kemia mwaka 1952. Katika andiko lao la 1941 walisema pia ya kwamba chembe zikiwa ndogo mno, na kimiminika kikisukumwa kwa nguvu nyingi, kazi itakuwa bora zaidi. Maneno hayo yalingoja robo karne. Katika miaka ya 1960 mafundi walipata pampu na mabomba ya kustahimili msukumo huo, na hapo ndipo ilipozaliwa mashine itumiwayo leo katika maabara za dawa duniani kote.

Tuitazame mashine hiyo kipande kwa kipande. Kwanza kuna chupa za kimiminika, kwa kawaida maji safi sana yaliyochanganywa na spiriti fulani. Pili kuna pampu. Tatu kuna sindano ya kuingizia dawa iliyoyeyushwa, nayo huingiza kidogo sana, chini ya tone moja. Nne kuna bomba lenyewe. Hili si la kioo tena bali ni la chuma kisichoshika kutu. Urefu wake mara nyingi ni sentimita 15 au 25, na tundu lake halizidi milimita 5. Ndani yake mmeshindiliwa chembe za silika, ambazo kila moja upana wake ni kama sehemu 5 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Chembe hizo zimevishwa kitu cha namna ya mafuta, kama vile mtu avikwavyo kanzu. Kwa hiyo dawa inayopenda mafuta hukawia katika bomba, na inayopenda maji hutangulia kutoka.

Kwa kuwa chembe ni ndogo na zimebanana, kimiminika hakipiti kwa hiari yake. Pampu yaweza kukisukuma kwa nguvu iliyo mara mia ya ile ya upepo uliomo katika gurudumu la motokaa. Na kwa nguvu zote hizo, kiasi kitokacho upande wa pili mara nyingi ni mililita 1 tu kwa dakika, yaani kama matone 20.

Tano, mwisho wa bomba, kuna jicho la mashine. Hili ni taa itoayo nuru isiyoonekana na macho yetu, jamaa ya ile nuru ya jua iunguzayo ngozi. Nuru hupita katika kimiminika kitokacho. Kikipita kitupu, nuru hupita yote. Dawa ikitokea, hunyonya sehemu ya nuru, na mashine huona kwamba nuru imepungua. Hivyo kitu kisicho na rangi kwetu chaweza kuonekana kwake. Artemeta hunyonya nuru hiyo kidogo sana, kwa hiyo wapimaji huchagua mwali unaoifaa. Lumefantrini nayo yaonekana kwa urahisi. Sita, kuna kompyuta ichoreayo mstari. Maadamu hakuna kitu kitokacho, mstari huenda sawasawa kama bahari shwari. Dawa ikitoka, mstari hupanda, hufika kileleni, hushuka. Kila dawa ina kilima chake, na kila kilima kina dakika yake ya kutokea.

Kilima hicho hutupa majibu mawili. Dakika kilipotokea hutuambia ni kitu gani. Ukubwa wake hutuambia ni kiasi gani.

Natoe mfano wa hesabu, ili wanafunzi waone jinsi ilivyo. Mpimaji huchukua vidonge 20, huvisaga pamoja kuwa unga, hupima sehemu ya unga, huiyeyusha na kuichuja. Kando yake ana chupa ndogo ya artemeta halisi, ambayo usafi wake umekwisha thibitishwa. Hii ndiyo kipimo cha kufananishia. Kwanza huingiza hiyo halisi katika mashine, apate kilima. Tuseme ukubwa wa kilima ni 500. Kisha huingiza ile ya vidonge, iliyotengenezwa kwa kadiri ambayo, kama vidonge ni kamili, ingetoa kilima cha 500 vile vile. Lakini chatokea kilima cha 350. Sasa 350 kwa 500 ni sehemu 70 katika 100. Kidonge kilichoandikwa miligramu 20 kina miligramu 14 tu. Kwa vidonge vingi vitabu vya kanuni za dawa hutaka kiasi kiwe kati ya 90 na 110 katika 100. Basi dawa hii imeanguka, na shehena yake yote haifai kupewa wagonjwa. Kwa mfano huu twaona ya kwamba kidonge kimeulizwa, nacho kimejibu kwa hesabu.

Wala hayo siyo yote. Pengine pembeni mwa kilima kikubwa huonekana vilima vidogo visivyotazamiwa. Hivyo ni takataka zilizobaki kiwandani, au ni mabaki ya dawa iliyovunjika. Ndiyo njia itumiwayo kujua dawa itakaa muda gani kabla ya kuharibika. Kiwanda huweka vidonge katika chumba chenye joto na unyevu uliopimwa, na kila baada ya miezi kadhaa huvipitisha katika mashine. Kilima kikubwa kikianza kupungua na vilima vidogo kukua, wataalamu wajua ya kuwa dawa yavunjika. Kwa vipimo hivyo huandikwa ile tarehe ya mwisho mnayoiona juu ya pakiti. Kwa hiyo tarehe ile si amri ya mfanya biashara atakaye mnunue nyingine. Ni matokeo ya vipimo vilivyofanywa.

Walakini yafaa tuseme pia mipaka ya mashine. Kwanza, bila ile dawa halisi ya kufananishia, mashine ni kama mizani isiyo na mawe: itapanda na kushuka, wala hutajua uzito. Pili, mashine yapima vidonge vilivyoletwa mbele yake tu. Haiwezi kujua habari za pakiti iliyoachwa katika kioo cha mbele cha motokaa juani mwezi mzima. Tatu, dawa yaweza kuwamo yote katika kidonge na bado isimfae mgonjwa, ikiwa kidonge ni kigumu mno, hakiyeyuki tumboni. Kwa sababu hiyo wapimaji wana chombo kingine, ambamo kidonge huzungushwa katika maji yenye joto la mwili, digrii 37, kisha maji hayo hupimwa waone dawa kiasi gani imeyeyuka kwa muda uliowekwa.

Na mashine yenyewe ni ya gharama. Yataka umeme usiokatika, spiriti safi, na watu waliosoma. Katika Tanzania Bara kazi hii iko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yenye maabara yake Dar es Salaam. Na katika Kenya iko Maabara ya Taifa ya Kupima Ubora wa Dawa, mjini Nairobi. Haiwezekani kuweka mashine kama hii katika kila wilaya na kila mpaka. Kwa hiyo imebuniwa njia nyepesi ya kuitangulia, nayo ni sanduku liitwalo Minilab, ambalo Tanzania imelitumia pia katika vituo vya mipakani na mikoani.

Ndani ya sanduku hilo mna vibati vyembamba vilivyopakwa silika. Mkaguzi huyeyusha kidonge, hutia tone karibu na ukingo wa kibati, na kando yake hutia tone la dawa halisi. Kisha hukisimamisha kibati katika chombo chenye kimiminika kidogo, nacho hupanda kama maji yalivyopanda katika chaki yenu. Mwisho hutazama madoa. Doa la kidonge likipanda sawa na doa la dawa halisi, na ukubwa wao ukifanana, dawa hupita. Doa lisipoonekana, dawa haimo. Likiwa dogo sana, dawa imepungua. Njia hii humkamata mlaghai mkubwa, lakini upungufu mdogo huweza kuponyoka. Basi vidonge vinavyotiliwa shaka hupelekwa kwenye mashine kubwa, nayo hukata shauri kwa hesabu. Sanduku ni askari wa langoni, na mashine ni hakimu.

Sasa nadhani mtu mmoja ataniuliza, “Bwana, haya yote ni mambo ya maabara. Mimi mkulima niliye mbali yanihusu nini?” Yakuhusu sana, ndugu yangu. Maana mashine hulinda dawa mpaka mlangoni pako, na toka hapo mlinzi ni wewe.

Nunua dawa katika duka lililosajiliwa, si kwa mchuuzi wa sokoni apangaye vidonge juu ya mkeka. Hata kama vidonge vyake vilikuwa vizuri vilipotoka kiwandani, jua limekwisha vifanyia kazi yake. Usitoe vidonge katika karatasi yake ya bati na kuvimwaga chupani au kuvifunga nguoni. Karatasi ile imewekwa kuzuia unyevu. Dawa mseto hutakiwa kukaa mahali pasipozidi digrii 30 za joto. Katika nyumba ya mabati pembeni mwa paa si mahali pake, wala karibu na jiko. Chumba chenye kivuli na hewa ndicho kifaacho. Dawa ya maji ya mtoto iitwayo amoksilini, ikisha kuchanganywa na maji, huanza kuvunjika, ndiyo sababu chupa yasema itumiwe kwa siku chache tu, 7 au 14. Iliyobaki usimwekee mtoto wa mwaka kesho. Hutaona mabadiliko kwa macho, lakini mashine ingeyaona.

Tena, mgonjwa akitumia dawa sawasawa kama alivyoagizwa, siku zote 3 kwa dawa mseto, asipate nafuu, msimlaumu mtu wala msitafute mchawi. Mrudisheni zahanati upesi. Nanyi chukueni na pakiti, hata ikiwa tupu, kwa sababu juu yake mna namba ya toleo. Kwa namba hiyo wakaguzi waweza kuzitafuta pakiti zote za toleo lile moja na kuzipima. Pakiti moja iliyorudishwa na mama mmoja yaweza kuwaokoa watoto wa wilaya nzima.

Wahenga wetu walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Walisema kweli, na kidonge nacho kimeundwa. Lakini chombo cha baharini waweza kukizunguka ukaona mbao na misumari yake, na kama fundi alidanganya, maji yatakuambia. Kidonge hakina mbao wala misumari ya kuonekana. Kwa miaka mingi watu walikipokea kwa kumwamini aliyekitoa, na kuamini ni jambo jema. Lakini mtoto mgonjwa haponi kwa imani ya mama yake juu ya rangi ya manjano. Aponya kwa miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini zilizomo kweli. Mtu mmoja alimwaga maji ya majani juu ya chaki, akawa na subira ya kutazama tone kwa tone, na wengi hawakumsikiliza. Kwa subira ile sisi leo tunacho kitu cha kukiuliza kidonge, na kidonge hakiwezi kusema uongo.

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Wanafunzi, msisahau chaki na wino. Kwaherini ya kuonana.